Theluji, vumbi, mvua ya mawe na tornado kwa mpigo wiki ijayo kutoka milima ya Rocky hadi tambarare za Kansas: inawezekana kweli?

#1 Mzee wa Matairi (Salt Lake City, Utah)

Wakuu, habari za Jumapili. Nina mzigo wa kupeleka Kansas City. Natakiwa kutoka hapa Salt Lake City Jumanne alfajiri na kushusha Alhamisi mchana. Tangu jana nimekuwa nikisoma taarifa za Idara ya Taifa ya Hali ya Hewa ya huku Marekani, na kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyozidi kuchanganyikiwa. Wyoming imetajiwa tufani ya theluji, milima ya Colorado theluji nzito, mashariki mwa Colorado na magharibi mwa Kansas upepo mkali, vumbi na hatari ya moto wa nyika, na kuanzia Kansas ya kati hadi Oklahoma mvua ya mawe na tornado (kile kimbunga chembamba kinachoshuka kutoka wingu la radi hadi ardhini), yote hayo kati ya Jumanne usiku na Alhamisi.

Hoja yangu ni kwamba dhoruba moja haiwezi kufanya kazi zote hizo kwa siku mbili. Naona watabiri wanaorodhesha kila balaa ili lolote likitokea waseme walishatuambia. Njia zangu ni mbili: barabara kuu ya I-80 kupitia Wyoming hadi Cheyenne, au kushuka Grand Junction, magharibi mwa Colorado, na kushika barabara kuu ya I-70 kupitia Denver. Naomba maoni ya wanaozijua barabara hizi kwa matairi, si kwa kusimuliwa.

#2 Mkaa Pwani (Dar es Salaam)

Sisi wa kusimuliwa tumekuelewa, mkuu, na tunakaa pembeni kwa adabu. Ila kwa kuwa masika yametufungia ndani na pale Jangwani hapapitiki, uzi huu tutaufuatilia hadi mwisho.

#3 Ngurumo (Norman, Oklahoma)

Mleta mada, hoja yako haisimami, na sisemi hivyo kwa kuwatetea watabiri. Nasomea hali ya hewa hapa Norman, ambako ndiko kilipo Kituo cha Utabiri wa Dhoruba, na jambo la kwanza tunalofundishwa ni kwamba dhoruba ya majira ya machipuko ina pande zake, na kila upande una balaa lake.

Mambo huenda hivi. Mkondo wa upepo wa kasi ulio juu sana angani huvuka safu ya Rocky kutoka magharibi, na hewa inaposhuka upande wa mashariki wa milima, mgandamizo wa hewa pale chini hupungua na mzunguko mkubwa huanza, mara nyingi kusini-mashariki mwa Colorado. Mzunguko huo huenda kinyume cha mwendo wa saa. Kwa hiyo upande wake wa mashariki huvuta joto na unyevu kutoka Ghuba ya Meksiko, upande wa kusini-magharibi huleta hewa kavu kutoka nyanda za juu za New Mexico na Meksiko, na upande wa kaskazini-magharibi hushusha baridi ya Kanada. Unyevu unapokutana na hewa kavu, mawingu ya radi hupanda. Nyuma ya mpaka huo, ambako unyevu haufiki, upepo hubeba vumbi na kueneza moto. Na ule unyevu unaozungushwa hadi kaskazini na magharibi ya kitovu, ukikutana na baridi, huanguka ukiwa theluji.

Mfano hauko mbali. Machi 14, 2025 dhoruba moja ilitimua vumbi katika kaunti ya Sherman, Kansas, ikachochea moto uliounguza nyumba hadi Stillwater hapa Oklahoma, na usiku huohuo ikaangusha tornado Missouri. Ukiuliza "hali ya hewa itakuwaje wiki ijayo" hutapata jibu la maana. Uliza saa fulani utakuwa upande gani wa kitovu.

#4 Bwana Breki (Amarillo, Texas)

Ngurumo amefafanua vizuri, lakini amelitaja vumbi la Sherman kana kwamba ni kazi ya upepo peke yake. Siku ile kwenye I-70 karibu na Goodland yaligongana magari 71 na watu 8 wakafa. Mimi naishi Amarillo, ambako upepo haukomi, na nasema upepo usiokuta udongo uliolegea haumfumbi mtu macho. Ukame, mashamba yaliyolimwa na kuachwa wazi na ngano iliyodumaa ndivyo vinavyolitengeneza vumbi hilo. Huku bado wanaisimulia Jumapili ya Aprili 14, 1935, mchana ulipogeuka usiku kwa udongo wa mashamba yaliyolimwa kupita kiasi. Na Mei 1, 2023 ajali ya namna hiyohiyo ilitokea Illinois kwenye I-55, kusini mwa Springfield, mbali kabisa na milima, vumbi likitoka kwenye mashamba yaliyokuwa yametoka kulimwa. Hapo Rocky inahusika vipi?

Mleta mada, vumbi hilo nililikuta upande wa Dalhart, na nakueleza linavyokuja ili usishangae. Kwanza upeo wa macho hupata mstari wa kahawia, mwembamba, ambao mgeni anaweza kudhani ni kilima. Harufu ya udongo huingia kupitia matundu ya hewa kabla hujaona chochote. Kisha magugu makavu yanaanza kukimbia juu ya lami, taa za nyuma za gari la mbele zinafifia, na ghafla hakuna gari la mbele. Kati ya mstari wa kahawia na hapo huwa zimepita dakika chache tu, na nafasi yako ya kutoka barabarani ilikuwa ndani ya dakika hizo.

#5 Binti Kericho (Aurora, Colorado)

Mleta mada asidhani kwamba kwa kuwa ni Aprili theluji imekwisha. Mwezi wenye theluji nyingi zaidi hapa Denver kwa wastani ni Machi, si Desemba wala Januari. Machi 2003 ilianguka zaidi ya sentimita 80 katika siku tatu hivi, na Machi 2021 uwanja wa ndege ulipata karibu sentimita 69. Theluji ya majira haya ni nzito na imejaa maji. Hukuta miti imeanza kutoa majani, ikaikalia, na matawi yakaangukia nyaya za umeme.

Lakini kuna jambo ambalo madereva wengi wageni hawalijui. Upepo wa magharibi ukitawala, milima inapata theluji na Denver inabaki kavu. Kitovu cha dhoruba kikikaa kusini-mashariki mwa jimbo, upepo hugeuka na kutoka mashariki, unyevu unasukumwa upande miteremko inayoitazama tambarare, na hapo ndipo Denver, Boulder na Cheyenne huzikwa. Kwa hiyo unaweza kuvuka milima ya Vail na handaki la Eisenhower kwenye I-70, ambalo liko kwenye mwinuko wa mita 3,400 hivi, ukashangilia kwamba umemaliza kazi, kumbe shida yenyewe inakusubiri chini.

Usisahau minyororo ya matairi. Malori yanatakiwa kuibeba kwenye I-70 kati ya Dotsero na Morrison kuanzia Septemba 1 hadi Mei 31, hata siku ya jua kali. Sheria ya kuifunga ikitangazwa ukakaidi, faini inazidi dola 500, na ukiziba barabara kwa sababu hukuifunga, inazidi dola 1,000.

#6 Mchaga wa Cheyenne (Cheyenne, Wyoming)

Namuunga mkono Binti Kericho kuhusu upepo wa mashariki. Sisi tuliozaliwa Moshi tunalijua jambo hilo tangu utotoni, kwa sababu masika huimwagia mvua miteremko ya kusini ya Kilimanjaro huku upande wa kaskazini ukiambulia kidogo. Huku tofauti ni kwamba mvua yenyewe ni nyeupe na inafunga barabara.

Kuhusu I-80, naipita mara kwa mara. Kati ya Laramie na Rawlins, hasa Arlington na Elk Mountain, theluji inayotisha ni ile iliyokwisha kuanguka. Jua linaweza kuwa linawaka utosini na upepo unafagia theluji ya juzi kuvuka barabara kwa kimo cha boneti, hadi mistari ya lami haionekani. Barabara ya zamani, US 30, ilizunguka kaskazini kupitia Medicine Bow. Hii ya mkato ilipofunguliwa mwaka 1970, wafugaji wa hapa walikuwa wamekwisha kuonya kwamba pale chini ya milima hapafai wakati wa baridi, na baadaye serikali ikalazimika kujenga nyuzio ndefu za mbao za kukamata theluji. Nyuzio zimesaidia sana, lakini upepo uko palepale.

Mleta mada hajasema trela lake lina uzito gani, na bila hilo tunashauri gizani.

#7 Mzee wa Matairi

Nashukuru kwa maelezo. Ni trela la mita 16 lenye karatasi za chooni. Limejaa hadi dari, lakini kwenye mizani halisomi kitu.

#8 Mkaa Pwani

Mkuu, umebeba karatasi za chooni kupeleka zinakotabiriwa tornado, halafu unauliza kama uende. Kansas nzima itafungwa kitambaa cheupe.

#9 Mchaga wa Cheyenne

Utani wa Mkaa Pwani una ukweli ndani yake. Wyoming mara nyingi hufunga sehemu za I-80 kwa magari marefu yenye uzito mdogo pekee, huku yenye shehena nzito yakiruhusiwa kupita. Kwa mzigo wako unaweza kuzuiwa hata theluji isipoanguka. Lori lililoshehena hadi kiwango cha juu cha sheria, yaani tani 36 hivi, husimama mahali ambapo lako litalala ubavu.

Wanaodhani natia chumvi waikumbuke dhoruba ya Machi 13, 2019. Mgandamizo wa hewa ulishuka haraka kupita kawaida hadi Lamar, kusini-mashariki mwa Colorado, wakapima milibari 970, kiwango cha chini kuliko chote kilichowahi kuandikwa katika jimbo hilo. Uwanja wa ndege wa Colorado Springs ulipata upepo wa zaidi ya kilomita 150 kwa saa, na ule wa Denver ukafunga njia zote za kurukia. Kesho yake mvua na theluji iliyoyeyuka vilikuta ardhi ya Nebraska bado imeganda, haiwezi kunywa maji, na bwawa la Spencer kwenye mto Niobrara likabomoka kwa maji na mabonge ya barafu. Kwa hiyo kwenye orodha ya mleta mada katika #1, mafuriko nayo yamesahauliwa.

#10 Kaka Uvira (Fort Morgan, Colorado)

Salaam kwenu wote. Mimi si dereva, nafanya kazi katika kiwanda cha nyama hapa Fort Morgan, na tunaishi katika nyumba ya trela. Wenzangu kazini wanasema tornado haziji karibu na milima, na kwamba king'ora kisipolia uko salama. Tena niliona video ya watu waliojiokoa chini ya daraja la barabara kuu. Je, hayo ni kweli? Nauliza kwa sababu onyo likija kwenye simu huwa ni kwa Kiingereza, na mke wangu akisikia ule mlio anadhani ni mtu wa madeni.

#11 Tambarare (Wichita, Kansas)

Kaka Uvira, umeuliza la maana kuliko sote, na nitaanza na daraja kwa sababu ndilo linaloua. Video unayoisema ni ya Aprili 26, 1991, kwenye barabara kuu ya kulipia hapa Kansas, karibu na El Dorado. Watu walipanda hadi penye ukingo wa juu chini ya daraja, wakapona, picha ikazunguka dunia nzima, na watu wakaanza kuamini kwamba daraja ni kinga. Mei 3, 1999 tornado kubwa zilipoipiga Oklahoma, wengi walikimbilia kwenye madaraja, na watu watatu waliuawa chini ya madaraja matatu tofauti. Ukipanda pale juu unajiweka kwenye upepo mkali zaidi kuliko ulio chini karibu na ardhi, uwazi wa daraja huubana upepo na kuuongezea kasi, na vipande vya mbao na mabati vinapita palepale ulipojibanza. Zaidi ya hayo, magari yaliyosimamishwa chini ya daraja huziba njia kwa wanaotaka kukimbia.

King'ora kimewekwa kwa ajili ya walio nje. Ukiwa ndani umelala, na upepo unavuma, usitegemee kukisikia. Simu yako ndiyo king'ora chako, na mke wako anatakiwa ajue mlio ule na ajue aende wapi. Nyumba ya trela haifai hata ikifungwa kwa nyaya. Tafuta leo, kukiwa shwari, jirani au jengo la umma lenye chumba cha chini ya ardhi, na mkubaliane kabisa. Tena usisubiri onyo. Angalizo maana yake ni kwamba mazingira yameiva na mnatakiwa kuwa tayari. Onyo maana yake ni kwamba imeonekana kwa macho au kwa rada, na mara nyingi mnakuwa mmebakiwa na dakika kumi na kitu au pungufu. Mwenye nyumba ya trela na watoto wadogo aondoke kwenye angalizo.

#12 Ngurumo

Naongeza kuhusu milima. Wenzako kazini wamekosea sana, Kaka Uvira, kwa kuwa kaunti ya Weld, iliyo jirani yenu hapo magharibi, ndiyo yenye tornado nyingi zaidi zilizoandikwa kuliko kaunti yoyote ya Marekani. Nyingi ni ndogo na za muda mfupi, lakini Mei 22, 2008 moja kubwa ilipita Windsor, tena ikielekea kaskazini-magharibi, kinyume na mwelekeo ambao watu wamezoea. Upepo unaokutana mashariki mwa Denver huweza kuanzisha mzunguko hata siku ambayo Kansas kumetulia.

#13 Fundi Paa (Lakewood, Colorado)

Mnazungumzia tornado wakati kinacholiza watu wengi zaidi huku ni mvua ya mawe. Mei 8, 2017 mawe yalishuka alasiri, watu wakitoka kazini, na hasara ikafikia dola bilioni 2.3, mvua ya mawe ya gharama kubwa kuliko zote katika historia ya Colorado. Jengo la maduka la Colorado Mills hapa Lakewood lilitobolewa paa, maji yakaingia, likafungwa kwa miezi.

Mimi kazi yangu ni mapaa. Watu wengi hutazama vigae vyao kutoka chini, wakaona viko sawa, wakasahau. Ukipanda na kupitisha kiganja unakuta mahali laini, chembechembe za juu zimedondoka na kujaa kwenye mfereji wa maji, na baada ya misimu miwili dari linaanza kuvuja. Someni bima zenu kabla ya Jumatano, kwa sababu nyingi zinahesabu sehemu ya hasara mnayojilipia wenyewe kwa asilimia ya thamani ya nyumba inapokuwa mvua ya mawe, na si kiasi kile kidogo mlichozoea. Na fundi atakayegonga mlango saa moja baada ya dhoruba akiwa na karatasi ya kusaini, mwambieni arudi kesho.

Sababu ya mawe kuwa mengi hapa ni mwinuko. Tuko mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, barafu haina safari ndefu ya kuyeyukia.

#14 Binti Kericho

Fundi, kama mwinuko ungetosha, kwetu Kericho tungekuwa tumekwisha. Kule na Nandi ni juu kuliko Denver, na ni miongoni mwa sehemu zinazopata mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani. Wakulima wa chai wanaijua inavyochana majani machanga na kuwakosesha mavuno. Lakini ni mawe madogo. Sijawahi kuona Kericho jiwe lililotoboa bati, ilhali hapa Aurora nimeona kioo cha mbele cha basi la shule kikiwa na mashimo. Lazima kuna sababu nyingine.

#15 Ngurumo

Sababu hiyo ni upepo unaobadilika kasi na mwelekeo kadiri unavyopanda juu. Kericho wingu hukua wima, likamwaga mvua yake juu ya mlango wake lenyewe, likafa. Huku upepo wa juu huliinamisha wingu, linazunguka na kuishi kwa saa kadhaa, na jiwe linashikiliwa juu likiongezewa tabaka baada ya tabaka. Jiwe lililookotwa Vivian, South Dakota, Julai 23, 2010 lilikuwa na kipenyo cha sentimita 20 na uzito wa karibu gramu 880.

Jambo la pili ni ile hewa kavu yenye joto inayotoka nyanda za juu na kutanda juu ya unyevu wa Ghuba kama kifuniko cha sufuria. Kutwa nzima mawingu hayapandi, watu wanasema utabiri umekosea, na saa kumi alasiri kifuniko kinaachia na yote yanapanda ndani ya nusu saa. Kuna siku hakiachii kabisa. Ndiyo maana leo Jumapili kituo chetu kinachora tu eneo lenye uwezekano wa asilimia 15 au 30 kwa siku ya nne na kuendelea, bila kusema tornado itapita mji gani. Atakayekuambia leo kwamba Jumatano itapita mji wa Hays, Kansas, anabuni.

#16 Fundi Paa

Umeeleza ukubwa wa mawe, hukueleza wingi wake. Cheyenne na Denver zina siku nyingi za mawe kuliko miji iliyo chini tambarareni yenye upepo huohuo. Nabaki na mwinuko wangu.

#17 Mzee wa Matairi

Naona dhoruba yangu imekwenda Kericho. Turudi barabarani: likinikuta vumbi alilosimulia Bwana Breki katika #4, nifanye nini? Niwashe taa zote au nizime?

#18 Bwana Breki

Ushauri rasmi unaotangazwa Arizona ni kutoka kabisa nje ya lami, kusimama, kuzima taa zote na kuondoa mguu kwenye breki, kwa sababu dereva anayekuja nyuma hufuata taa akidhani unatembea, akakuvaa. Funga mkanda na ubaki ndani.

#19 Mchaga wa Cheyenne

Ushauri huo ni mzuri kwa gari dogo linaloweza kuteremka mita kumi kwenye nyasi. Lori la mita zaidi ya 20 likibaki na matairi ya kulia kwenye ukingo wa barabara, na taa zimezimwa, limekuwa ukuta usioonekana. Mimi bado naamini mwenye lori anatakiwa aondoke barabarani kwenye njia ya kutokea iliyo mbele yake mara tu aonapo mstari wa kahawia, na asifike hatua ya kuuliza habari za taa.

#20 Bwana Breki

Magharibi mwa Kansas njia za kutokea ziko mbalimbali sana, mkuu. Unashauri kwa kutazama ramani ya mjini.

#21 Mkaa Pwani

Naomba kuuliza kwa niaba ya wa kusimuliwa. Yote haya ni mabadiliko ya tabianchi au ni La Niña, ule upoaji wa maji ya Bahari ya Pasifiki? Kwetu siku hizi kila mvua ikizidi huambiwa ni mojawapo.

#22 Ngurumo

Inategemea balaa lipi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba mazingira yanayozaa tornado yamekuwa yakipungua kidogo katika tambarare za Texas na Oklahoma na kuongezeka mashariki, kuelekea Mississippi na Tennessee. La Niña nayo huelekea kuongeza dhoruba za radi katika tambarare za kusini wakati wa machipuko. Lakini huwezi kuichukua dhoruba moja ya Jumatano ukaibandika jina.

#23 Tambarare

Mimi naona watafiti hao wanasahau majengo na watu. Tornado iliyopita juu ya ngano mwaka 1950 nani aliiandika? Leo kila mtu ana kamera, na palipokuwa na ngano pamejaa nyumba. Mei 31, 2013 huko El Reno, karibu na Oklahoma City, tornado yenye upana wa zaidi ya kilomita 4 iliua watu 8, na wote walikuwa kwenye magari. Siku hiyo maelfu waliingia barabarani kukimbia kwa wakati mmoja na njia zikaziba. Wengine walijificha kwenye makaravati, mafuriko ya dhoruba hiyohiyo yakawasomba. Hayo ni mambo ya barabara na watu, wala huhitaji La Niña kuyaeleza.

Mzee wa Matairi, jambo moja la manufaa: onyo hutaja kaunti, na dereva mgeni huwa hajui yuko kaunti gani. Ukitoka Colorado kwa I-70 andika kwenye karatasi ubandike mbele yako: Sherman, Thomas, Logan, Gove, Trego, Ellis, Russell. Na kumbuka kwamba Goodland inatumia saa za milimani wakati Colby, mwendo wa nusu saa hivi mbele, inatumia saa za kati. Onyo linalosema hadi saa 11 jioni si saa 11 ileile.

#24 Mzee wa Matairi

Nimeandika kaunti zote saba. Nimempigia simu mpanga mizigo wa kampuni nikamwomba tusogeze hadi Ijumaa. Anasema mteja hataki kusikia, na kwamba wenzangu wanapita.

#25 Bwana Breki

Mwambie kwa maandishi, si kwa simu. Sheria ya shirikisho inamtaka dereva wa gari la biashara apunguze mwendo hali ikiwa mbaya, na ikizidi kuwa ya hatari asimame hadi iwe salama. Kanuni iliyoanza mwaka 2016 inakataza kampuni, hata mteja mwenyewe, kumlazimisha dereva avunje masharti hayo. Ukiwa na ujumbe ulioandikwa, lugha yao hubadilika.

#26 Binti Kericho

Na kama atasubiri, asubirie upande upi? Limon, ule mji mdogo wa kwenye I-70 mashariki mwa Denver, isihesabiwe. Milango ya I-70 ikifungwa mashariki mwa Aurora, maegesho yale hujaa mapema na wengine hulala ukingoni mwa barabara. Ukilala ndani ya gari kwenye theluji, toka kila mara usafishe mdomo wa bomba la moshi, kwa maana likizibwa na injini inaunguruma, hewa ya sumu inarudi ndani. Naona bora asubiri Grand Junction.

#27 Mchaga wa Cheyenne

Grand Junction iko magharibi ya milima. Akisubiri pale, Ijumaa atakuwa bado na Vail na handaki mbele yake, theluji ikiwa imekwisha kurundikana na kila lori lililokuwa limesimama likitaka kupita asubuhi hiyohiyo. Jumatatu usiku, kabla hakujaharibika, aombe kuondoka mapema, aivuke Wyoming yote, alale Nebraska, Jumatano aamke akiwa mbele ya dhoruba.

#28 Tambarare

Mbele ya dhoruba ndipo penye tornado, Mchaga.

#29 Mchaga wa Cheyenne

Kwa upande wa Lincoln, Nebraska, Jumatano asubuhi, kabla ya saa kumi ya Ngurumo? Atakuwa amekwisha kushusha na anakunywa chai.

#30 Bwana Breki

Ikiwa mteja atakubali kupokea siku moja mapema, jambo ambalo mpaka sasa hakuna aliyemuuliza.